Kipande cha Pampu Hakikuchelewa

Mchungaji, wazee wa kanisa, akina mama, ndugu zangu wote wa kijiji chetu cha Kabati, asanteni kwa kunipa hizi dakika. Najua kila anayesimama hapa huanza na salamu yetu nanyi mnamwitikia. Mimi leo salamu hiyo nimeiweka kando. Nitaitoa mwishoni, kwa sababu sijui kama mtataka kuniitikia mkishasikia kilichonileta.

Mnakumbuka kiangazi kilichopita pampu ya kisima chetu iliponyamaza. Mnakumbuka wiki tatu za kuteremka mtoni na mitungi. Mliambiwa kile kipande cha chuma kinachounganisha injini na pampu kinatengenezwa mjini Wote, na kwamba kimechelewa. Ndugu zangu, nawaambia, hakikuchelewa. Chuma kilifika karakana wiki ile ile ya kwanza, kizuri kabisa. Kiliharibika mikononi mwangu.

Basi niwaeleze kilivyoharibika, maana nisipoeleza vizuri mtadhani ni ajali tu, na haikuwa ajali tu.

Wengi wenu mnajua niko Wote kwenye hiyo karakana, lakini kazi yangu hamuijui. Wengine mnasema nachomelea milango. Sichomelei milango. Naendesha mashine ya kukata chuma, kubwa kama jokofu la duka, na inaongozwa na kompyuta. Unafunga kipande mezani kwa jiriwa, kile kibanio cha chuma, unaweka kisu juu, unabonyeza kitufe cha kijani, na kompyuta inakata kwa namba ulizoiandikia. Mashine hiyo ina sehemu inaitwa goti. Chekeni tu, ndilo jina lake. Ni ile sehemu inayobeba meza. Kila kitu kingine kinaendeshwa na kompyuta, kisu kushuka, kisu kupanda, meza kwenda kushoto na kulia. Lakini goti unalipandisha kwa hendeli, kwa mkono wako. Kompyuta hailioni. Ukilipandisha vidole viwili, yenyewe haina habari. Shikeni hapo, maana ndipo nilipoanguka.

Tunatumia visu sita, na havilingani. Kuna kirefu, kuna kifupi. Mashine isipoambiwa urefu wa kila kisu, itashusha kirefu kama vile ni kifupi, na hapo ni balaa. Kwa hiyo kila kazi mpya ilianza na kupima. Unalaza kikaratasi cha risiti juu ya chuma, unashusha kisu polepole, huku unavuta kile kikaratasi mpaka usikie kimeshikwa. Unaandika namba. Unaenda kisu cha pili. Kufika cha sita saa nzima imeisha na mgongo unauma.

Mimi si mtu wa subira, shangazi yangu yuko hapa atawaambia. Nikasema lazima kuna njia. Nikachukua kile kitabu cha mashine, nikawa nakisoma kila chakula cha mchana, miezi mitatu, mpaka nikajua kuandika makro. Makro ni maagizo unayoiandikia mashine mara moja, unayapa namba, na siku nyingine ukiita ile namba inayafuata yote yenyewe. Yangu ilikuwa inaweka akiba namba ya kila kisu. Ukibadilisha kisu, inafidia urefu wake bila wewe kugusa karatasi tena. Siku ilipofanya kazi nilitembea kutoka karakana mpaka sokoni nikitabasamu peke yangu. Bosi akawa anawaonyesha wageni. Huyu mama ndiye ameandika, anasema, hakuna aliyemfundisha. Nami nasimama hapo nimekunja mikono kama mtu asiyesikia.

Sasa sikilizeni. Mwanzoni ile makro ilikuwa na swali. Kabla kisu hakijashuka, iliandika kwenye skrini: goti limeguswa? Ilikuwa haiendelei mpaka ujibu. Niliiweka mimi mwenyewe, kwa sababu nilijua kompyuta hailioni goti. Lakini swali lile likaanza kunikera. Mara kumi kwa siku, goti limeguswa, goti limeguswa. Nikaona linanidharau, kana kwamba mimi ni mgeni kwenye mashine yangu. Siku moja nikalifuta.

Mwenzangu wa mashine, mwanamume aliyenizidi umri, aliyeanza kazi hii wakati kila kitu kilikuwa cha kuzungusha kwa mkono, aliona limepotea. Akaniuliza, "Na goti je?"

Nikamwambia, "Makro inajua."

Miezi minne hakuna kilichoharibika. Kila akiniuliza, nilimjibu hivyo hivyo, makro inajua. Baadaye akaacha kuniuliza.

Chuma cha pampu yetu kikaja siku ya Alhamisi. Nilifurahi, jamani. Nilisema hiki nitakifanya mimi, ni maji ya kwetu. Ingawa makro ilikuwa na namba zake, nikapima visu vyote sita upya nisije nikakosea, nikakata upande wa kwanza, ukatoka vizuri. Upande wa pili kulikuwa na shimo refu, na kile kisu kifupi hakikufika chini. Basi nikapandisha goti kidogo, kama tunavyofanya siku zote kwenye zile mashine za zamani za mkono. Nikapima kile kifupi upya kwa karatasi, nikakata, kikafika. Vile vingine vitano sikuvipima. Nikaweka kirefu, nikaita makro, nikabonyeza kijani.

Vile vitano vilikuwa bado vinakumbuka meza ilipokuwa asubuhi. Kile kisu kilishuka kwa kasi kikidhani chuma kiko mbali, na chuma kilikuwa pale pale. Sikuwahi kusikia sauti kama ile. Kisu kilikatika katikati. Kipande kimoja kilipita karibu na sikio la mwenzangu kikaenda kukita kwenye mlango wa kabati la mbao. Alikuwa ameinama kuokota fagio. Angekuwa amesimama wima, mimi leo ningekuwa natoa ushuhuda mwingine, mahali pengine. Nikabonyeza kitufe chekundu cha kuisimamisha, lakini nilikuwa nimeshachelewa. Chuma kilikuwa na mtaro wa kina cha kidole, mahali ambapo hapakutakiwa hata alama ya kucha.

Mwenzangu hakunikaripia. Alienda pale kabatini, akang'oa kile kipande kwa koleo, akakiweka mezani mbele yangu. Akasema anaenda kunywa chai. Ningefurahi kama angenikaripia.

Chuma kingine kilihitaji wiki mbili kufika. Bosi akapiga simu kwa kamati ya maji, nami nimesimama pale pale, nikamsikia akisema kipande kimechelewa kidogo. Alikuwa ananifunika. Ningeweza kusema hapana, sema ukweli. Sikusema.

Basi, ikaanza hofu. Sijui niwaelezeje. Nilijua kuogopa nyoka, nilijua kuogopa ugonjwa wa mtoto, lakini sikujua mtu anaweza kuogopa kitufe. Nilisimama mbele ya mashine, programu iko tayari, kisu kiko tayari, na kidole kinakataa. Napima, narudia, nabadilisha karatasi nasema labda ile ilikuwa nene. Mikono inatoka jasho mpaka hendeli inateleza. Narudi nyuma, naenda chooni, narudi. Siku ya tatu bosi akanitoa pale, akanipa tupa, akaniambia niwe nalainisha kingo za vyuma vilivyokatwa na wengine. Mimi, mwenye makro. Nikakaa kwenye kigoda nikipiga tupa kutwa, na kila mashine ikinguruma nashtuka.

Huku nyumbani mnateremka mtoni. Mnakumbuka ile grupu ya kanisa kwenye simu? Kila asubuhi mtu anaandika, tuombee kipande chetu kule Wote, Mungu awape mafundi hekima. Na mimi, ndugu zangu, nikaandika Amina. Nendeni mkaangalie, bado iko. Nilikuwa nimeshika tupa mkono mmoja na simu mkono mwingine. Shangazi akanipigia, "Mwana wakwa, kipande kimefika wapi?" Nikamwambia kinakuja. Akasema sawa, Mungu ni mwema, akakata simu akaenda kuchukua mtungi.

Wiki ya pili nikapigiwa simu na jirani. Shangazi ameteleza kwenye kile kiteremko cha kwenda mtoni, amevunjika kifundo cha mkono.

Nilikuja Jumamosi na gari la kwanza. Nilimkuta amefungwa mkono kwa leso shingoni, anachambua maharagwe ya kutia kwenye mahindi ya muthokoi kwa mkono mmoja. Hakulalamika hata kidogo, alinilaumu tu kwamba nimekonda. Nikachukua mitungi nikasema nitaenda mimi. Akasema tutaenda wote, wewe hujui watu wamechimba wapi. Akanifuata polepole, akakaa kwenye mchanga akiwa na ule mkono wake, akatusimamia kama mwalimu.

Mnajua vile vithima vyetu, visima vya kuchimba mchangani. Mchanga ukikauka watu wanachimba zaidi, na maji yanazidi kwenda chini. Kulikuwa na dada mmoja mbele yangu anashusha ndoo. Ndoo ikaning'inia, haikugusa maji. Akaivuta juu, akaanza kulalamika, "Hii kamba imekuwa fupi. Jana ilifika." Akaanza kufungua fundo aunganishe kipande kingine. Kamba alizokuwa nazo ni tatu, za ndoo tatu, na alikuwa anataka kuzifungua zote.

Shangazi akamwambia, "Acha kamba. Kamba ni ile ile. Ni maji yameshuka. Pima maji yameshuka kiasi gani, mara moja, halafu zote tatu utajua."

Akamwelekeza akate kijiti cha urefu wa mkono, apime kwa kamba moja tu, imepungua mikono mingapi. Yule dada akapima. Mkono mmoja na nusu. Basi, kwa kila kamba akashuka ndani ya shimo kwa kiasi hicho hicho, na ndoo zote zikafika.

Mimi nilikuwa nimesimama na mtungi begani. Niliuweka chini. Shangazi akaniuliza kama naumwa.

Ndugu zangu, niwaambie kwa nini nilitaka kulia pale mtoni. Ile makro yangu, ile niliyosifiwa, ilikuwa imefunga vitu viwili kwenye fundo moja. Urefu wa kisu, na mahali meza ilipo. Namba moja kwa vyote viwili. Goti likisogea, namba zote sita zinakuwa za uongo kwa pamoja, na mashine inaziamini. Lakini kisu hakijabadilika. Kisu ni kile kile. Kilichosogea ni meza, na meza ni kitu kimoja, kinapimwa mara moja. Nilikuwa nimesoma kitabu miezi mitatu na sikuliona hilo, mpaka nikaambiwa na mwanamke mwenye mkono uliovunjika kwa sababu yangu, na yeye hajui.

Pale pale ningemwambia. Akaniambia jaza mtungi, jua linakuja. Nikajaza mtungi.

Jumatatu nikamwambia bosi naomba nirudi kwenye mashine, lakini si kukata chuma. Akaniuliza kukata nini. Nikamwambia sabuni. Nilinunua miche mitatu ya sabuni ya kufulia, nikafunga mmoja kwenye jiriwa. Kwenye sabuni hakuna anayeumia.

Nikaandika makro upya. Nikachagua kisu kimoja kiwe cha kupimia tu, kisikate kitu chochote. Vingine vyote nikaandika tofauti ya kila kimoja na hicho: kile kimekizidi kwa kiasi hiki, kile kimepungukiwa kwa kiasi hiki. Hizo namba hazibadiliki hata goti lifanye nini. Na goti nikalipa namba yake peke yake. Likisogezwa, unapima na kile kisu kimoja, mara moja, na hesabu ya vyote inajirekebisha.

Mara ya kwanza kujaribu, nikapandisha goti, nikapima, nikabonyeza kijani huku nimefumba macho nusu. Kisu kikazama kwenye sabuni mpaka kikakaribia kugusa jiriwa. Nilikuwa nimejumlisha mahali pa kutoa. Nikakaa chini sakafuni. Nikasema basi, mimi kazi hii si yangu tena, nitarudi Kabati nifuge kuku. Mwenzangu akaja akaangalia ile sabuni iliyotobolewa, akaokota mabaki, akaenda kunawa mikono nayo. Aliporudi akasema, "Inatoa povu zuri. Geuza hiyo alama ujaribu tena."

Nikageuza. Nikajaribu juu, nikajaribu chini, goti likipanda, goti likishuka, siku nne, mpaka karakana nzima inanukia kama siku ya kufua. Miche mitatu ikaisha nikanunua mingine. Na lile swali nikalirudisha. Safari hii halikubali jibu la ndiyo au hapana. Linataka usome namba iliyo kwenye hendeli ya goti uiandike, na isipolingana na ile iliyo akiba, mashine inakataa kusogea. Nikaongeza na jingine: kisu kikishuka, kinasimama kiganja kimoja juu ya chuma na kungoja. Unapitisha kibao cha chuma chini yake. Kisipopita vizuri, hubonyezi.

Chuma cha pili kikafika. Kilikuwa cha mwisho, bosi aliniambia wazi, kikiharibika hiki hakuna kingine mpaka mvua. Nilikitazama kimefungwa pale, nikaona sura zenu. Nikakata upande wa kwanza. Nikafika kwenye lile shimo refu, kisu kifupi hakifiki, kama siku ile. Nikapandisha goti. Nikapima. Nikaweka kirefu. Skrini ikauliza. Na mwenzangu, ambaye alikuwa ameacha kuniuliza swali hilo, akauliza naye nyuma yangu, kwa sauti ya chini.

"Na goti je?"

Nikageuka nikamwambia, "Arobaini na mbili." Akainama, akasoma hendeli kwa macho yake, akasema arobaini na mbili. Kisu kikashuka, kikasimama kiganja juu. Nikapitisha kibao, kikapita. Nikakipitisha tena. Nikakipitisha mara ya tatu, mpaka mwenzangu akakohoa. Ndugu zangu, machozi yalikuwa yananitoka na sikuomba hata sala nzuri, nilisema tu Mungu wangu, Mungu wangu. Nikabonyeza. Kile kisu kikashuka mahali pake, kikaanza kukata, nyuzi za chuma zikatoka nyembamba zinang'aa. Nilibaki nimeweka mkono kwenye chekundu mpaka mwisho, na mkono ulikuwa umekufa ganzi.

Kesho yake maji yalitoka hapa. Mlinipigia simu mkisikiliza pampu, mkaniombea baraka. Nilizipokea, na ndizo zilizonifanya nisipate raha tangu siku hiyo.

Basi niwashukuru. Namshukuru mwenzangu kwa kuniuliza tena baada ya mimi kumfunga mdomo. Hakuwa na deni la kuniuliza. Namshukuru bosi, yuko pale nyuma kabisa, nilimwambia nakuja kusema na akasema nami nitakuja nikae. Nawashukuru ninyi mlioomba mafundi wapewe hekima. Ilikuja, ila ilipitia mtoni.

Kama kuna fundisho, nawapa lile lililonigharimu. Ukiona swali linakukera kwa sababu linaulizwa kila siku, usilifute. Na mtu akikuuliza jambo la kazi yako, mjibu kwa namba, mjibu kwa kitu anachoweza kukagua. Mimi nilijibu makro inajua, kumbe aliyetakiwa kujua ni mimi.

Shangazi, sasa nakugeukia wewe, hapo kwenye benchi la pili. Uliteleza wiki ya pili. Wiki ya kwanza ilikuwa ya pampu. Ya pili na ya tatu zilikuwa zangu. Uliniuliza kipande kimefika wapi, nikakwambia kinakuja, na kilikuwa kimeharibika chini ya miguu yangu. Huo mkono ambao mpaka leo hauwezi kukamua nguo, ni mimi. Sikukwambia mtoni, sikukwambia nyumbani, nakwambia hapa kwa sababu hapa siwezi kukimbia. Nisamehe. Nanyi nyote mliobeba mitungi, nisameheni.

Nimemaliza. Ile salamu niliyoiweka kando, naitoa sasa. Anayeweza kuniitikia aitikie, na asiyeweza leo nitamwelewa, nitangoja. Shangazi, nisogezee kidogo nije nikae.

Bwana asifiwe.